Kabla Hujapanda Mizani Tena

Wadogo zangu, msimu wa sendofu na kicheni pati umeshika kasi, na barua zenu nazo zimeanza kufanana. Mmoja anataka kupunguza kilo kumi kabla ya sendofu ya dada yake, na kitambaa cha sare kipo kwa fundi tayari. Mwingine anatembea kila asubuhi tangu mwezi uliopita, mizani imeganda palepale, anauliza aendelee au apumzike zake. Wa tatu ameuziwa chai ya kukata tumbo. Ameharisha wiki nzima, sketi imelegea, sasa anataka kujua kama anunue pakiti ya pili. Na yupo wa nne, ambaye watoa ushauri wengi humsahau: yeye anataka kunenepa, kwa sababu kila akienda kwao anaulizwa kama anaumwa.

Nawajibu wote leo kwa pamoja. Mnauliza kuhusu kilo, ila nikisoma barua hadi chini nakuta mambo mengine kabisa: uchovu wa mchana, kuhema ukipanda ngazi za ofisini, presha ya mama iliyowatia hofu, maneno ya mawifi. Kilo zimetwishwa lawama zote, na kwa nyingi kati ya hizo zinasingiziwa tu.

Nianze na mtembeaji wangu, maana jibu lake linawagusa wengine wote. Mdogo wangu, usiache. Ngoja nikupe habari ya makonda.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na daktari London anaitwa Jerry Morris, aliyekuwa akitafuta kwa nini magonjwa ya moyo yanawaandama wanaume wa makamo. Akaenda kwa watu wa mabasi. Mabasi yale ya ghorofa yalikuwa na dereva, ambaye hukaa kitini zamu nzima, na konda, ambaye hupanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Mwajiri wao mmoja, mitaa ileile, maisha yanakaribiana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makonda waliugua moyo kwa nadra kuliko madereva, na hata walipougua, ugonjwa haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva.

Utasema, si makonda walikuwa wembamba? Hilo Morris naye alilifikiria. Akaenda kuchungulia vipimo vya sare, akaangalia viuno vya suruali. Ni kweli, madereva walivaa viuno vikubwa zaidi. Lakini alipowalinganisha wanene kwa wanene na wembamba kwa wembamba, konda aliendelea kuwa salama kuliko dereva. Mwenye kitambi aliyepanda ngazi alifaidika nazo vilevile. (Morris mwenyewe, kwa taarifa yenu, alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.)

Hilo ndilo ninalotaka mlishike leo: mwili unalipwa kwa mazoea yake kabla mizani haijasogea, na hulipwa hata mizani ikikataa kusogea. Ukitembea kwa haraka nusu saa, misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu, na insulini inapata nafuu kwa saa kadhaa baadaye. Mishipa ya damu inalegea. Ukifululiza wiki kadhaa presha inashuka kidogo, usingizi unakuja bila kubembelezwa, hasira za asubuhi zinapungua, na zile ngazi za ofisini hazikutoi tena ulimi nje. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye kioo cha mizani.

Kwa nini basi kilo hazishuki? Jibu ninalolipenda limetoka hapa nyumbani, pembeni mwa Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyowafanyia Wahadzabe 30, wanaume kwa wanawake, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake kama 6. Ungetarajia wachome nguvu nyingi kupita Mmarekani anayekwenda kazini kwa gari na kurudi kukaa kwenye kochi. Lakini ukishazingatia ukubwa wa miili, hapakuwa na tofauti ya maana. Maelezo anayoyatoa Pontzer ni kwamba mwili ukitumia nguvu nyingi miguuni hubana matumizi mahali pengine. Na wakati huohuo, Wahadzabe wakipimwa presha na mafuta ya damu, wazee kwa vijana, wanatoa majibu ambayo sisi wa mjini tunayatamani.

Kwa hiyo mguu wako unafanya kazi ya moyo, ya sukari na ya kichwa. Kazi ya kilo iko zaidi kwenye sahani na kwenye kikombe, na huko tutafika sasa hivi.

Kwanza nimalizie habari ya kutembea. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kazi inayotumia misuli. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na si lazima nusu saa hiyo iwe ya mfululizo. Zile hatua 10,000 zinazowakosesha watu raha kwenye simu zilianza na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ilikuwa biashara, haikutoka maabara. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulikuta waliofikisha hatua 4,400 hivi kwa siku walifariki wachache kuliko wa hatua 2,700, faida ikaendelea kuongezeka hadi kwenye 7,500 hivi, halafu ikatulia. Anza na ulizonazo.

Najua tunaishi wapi. Kumwambia msichana atembee peke yake saa kumi na moja alfajiri mtaani kwenye giza ni kumpelekea kibaka simu. Tembeeni wawili watatu, ingieni klabu ya joging ya mtaa kama ipo, au shuka kituo kimoja kabla ya chako jioni mwanga ukiwepo. Ndani napo panatosha: funga mlango, weka nyimbo nne unazozipenda, cheza mpaka jasho. Kwa misuli, sukuma ukuta, kaa na kunyanyuka kwenye kigoda bila kushika kitu, beba ndoo. Na yule mama anayetembeza ndizi na beseni kichwani kutoka Mabibo hadi Kinondoni, tafadhali asiongezewe mazoezi na mtu yeyote. Yeye anahitaji kukaa chini ale mchana.

Tuje jikoni, na hapa nitakaa.

Ugali haujakukosea. Nimechoka kusikia mtu "ameacha ugali" halafu jioni anakula chipsi mayai na kushushia soda. Wazee wetu walikula ugali miaka yote. Waliula na mlenda, na kunde, na dagaa, wakautolea jasho shambani. Kilichobadilika ni unga kukobolewa mpaka ukabaki wanga mtupu, mlima wa kwenye sahani kukua, na mboga ya majani kupungua hadi ikawa pambo la pembeni. Ukiweza, rudi kwenye dona au changanya nusu kwa nusu. Dona ina makapi na kiini cha punje, tumbo linachukua muda kuimaliza, na njaa ya saa tisa haikukuti ofisini ukitafuta andazi.

Sahani yenyewe ipindue. Nusu nzima iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, nyanya, chochote kilichopo sokoni wiki hiyo. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo iliyobaki iwe maharage, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama. Kumbuka maharage ni chakula cha hadhi, na anayekwambia ni ya shule muulize sukari yake ya damu ikoje. Sahani hii haihitaji bajeti mpya. Fungu la matembele mara nyingi ni bei ya chini kuliko soda. Kinachohitajika ni kugeuza mkono unaopakua, na kama anayepakua ni mama mkwe, hapo itabidi uwe mwanadiplomasia. "Mama, nianzie na mboga, nitaongeza" imewasaidia wengi.

Mafuta ndiyo yanayojificha. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu hauhesabu vijiko. Chovya kijiko, pima. Mchicha wa watu wanne unatosheka na vijiko viwili. Ukishautia karanga au tui la nazi, mafuta mengine ya nini?

Halafu kikombe. Tufanye hesabu. Kijiko cha chai cha sukari, kile kilichosawazishwa, ni gramu 4 hivi. Vile vyenu vyenye kilima juu nimeamua kuvifumbia macho. Vijiko vitatu, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36. Soda ya chupa ndogo ya mililita 300 inaongeza kama gramu 30. Umefika 66, na bado hujagusa andazi. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikibaki 25. Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba inapita bila kushibisha. Umekunywa soda, na wali wako unaula uleule.

Wala usikimbilie juisi. Juisi ya jagi pale mgahawani, iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikasimama, ni soda iliyovaa kitenge. Kula embe lenyewe, na nyuzi zake, na meno yakipata tabu ndiyo vizuri. Kwenye chai punguza nusu kijiko, kaa nayo wiki mbili, punguza tena. Iliki, mchaichai na tangawizi vitakusindikiza. Ulimi huzoea, baada ya muda utaonja chai ya shemeji yako ushangae mlikuwa mnakunywaje.

Sasa wewe wa sendofu. Kilo kumi kwa wiki sita ulizobakiza sikupi, na nakuomba usizitafute kwingine.

Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao na kujitolea kwa utafiti. Kwa miezi sita walikula karibu nusu ya walichozoea, takriban kalori 1,600 kwa siku. Ishikeni hiyo namba, maana mipango ya "siku saba tumbo kwisha" inayozunguka kwenye simu zenu mara nyingi inatoa chini ya hapo. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini tazama kilichotokea vichwani mwao. Chakula kiliwatawala mchana na usiku, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kwa mapenzi ambayo hawakuwa nayo kabla, wakahisi baridi wakati wengine wanaona joto, hamu ya mapenzi ikawatoka, wakawa wakali, wengine wakazama kwenye huzuni nzito. Na chakula kiliporudi, wengi walikula wasijue kushiba.

Ukimkuta rafiki yako wa "dayati" amenuna, analia ovyo, anaota chapati, si kwamba hana msimamo. Mwili unamdai.

Mwaka 2016 watafiti waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani la kupunguza unene, miaka sita baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita baadaye bado mwili unakumbuka.

Linganisha na hili. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa njiani kupata kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kawaida kabisa: punguza asilimia 7 ya uzito, tembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mwanamke wa kilo 80 hiyo asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Mtu anapungua kilo tano na nusu, shoga zake hawatambui, na picha za sendofu hazionyeshi. Lakini kundi hilo lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metfomini walipunguza kwa asilimia 31. Kilo chache zilizokuja polepole, pamoja na miguu inayotembea, zilishinda kidonge.

Kwa hiyo lenga nusu kilo kwa wiki, pengine kilo moja wiki nyingine ikikubali. Kufika siku ya shughuli utakuwa umeondoa kilo tatu hivi ambazo zina nafasi ya kubaki huko zilikokwenda. Fundi ni mtu wa kuongea naye. Aache kitambaa kwenye mishono na akupime tena wiki ya mwisho.

Wa chai ya kukata tumbo, pakiti ya pili usinunue. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, dawa ya kuendesha ambayo bibi zetu wa pwani waliijua na waliitumia kwa adabu, siku moja mbili, kwa aliyefunga choo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa huko juu kwenye utumbo mwembamba. Kilichotoka ni maji na choo. Sketi imelegea kwa sababu tumbo ni tupu, na maji ukiyanywa yanarudi. Ukiendelea wiki kwa wiki unapoteza madini ya potasiamu. Misuli inakaza, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Vidonge vya "asilia" visivyo na maandishi ya kueleweka naviogopa zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Imekuwa ikikutwa, bila kuandikwa, ndani ya bidhaa za kupunguza unene zinazouzwa kama mitishamba. Ukimeza kitu moyo ukaanza kwenda mbio, kinywa kikakauka, usingizi ukakimbia, usidhani ndiyo mafuta yanaungua. Na zile sindano za semaglutidi mnazoniuliza ni dawa ya kweli, inawasaidia watu, lakini ni ya kuandikiwa na daktari anayekufuatilia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi za bandia. Kununua sindano kwa mtu wa Instagramu anayekuletea na bodaboda ni kujiweka rehani.

Nije kwa mwembamba wangu, na nimekutengea nafasi yako kwa makusudi, usije ukaachwa na makombo.

Wewe unaishi na kumbukumbu ya watu wengine. Miaka ya 1980 na 1990 familia nyingi za kwetu zilizika watu waliokonda kwa UKIMWI kabla dawa hazijafika, na tangu hapo mtu akipungua, macho yanamkimbilia. Ndiyo maana shangazi akisema "umenenepa" anakupa baraka, na akisema "mbona umekwisha hivyo" ana hofu ya kweli hata kama kinywa chake hakina breki. Mjibu kwa upole: "Shikamoo shangazi, niko salama, nakula vizuri." Usimtolee maelezo marefu, hukumu yake haikatiwi rufaa mezani.

Ila vile vidonge vya kunenepesha kwa mwezi mmoja achana navyo. Wengi huuziwa deksamethasoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe yenye kazi zake hospitali. Ukiitumia kiholela, uso unavimba ukawa mviringo, sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, na tezi zinazotengeneza homoni za aina hiyo mwilini zinalala. Ukiikata ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuanguka. Kama tayari unatumia, usiache kimyakimya. Nenda kwa daktari akuongoze kushuka polepole.

Kama umepungua bila kutaka ndani ya miezi michache, kapime: kifua kikuu, VVU, sukari, tezi ya shingo, minyoo. Kama hukupungua, umekuwa hivyo tangu utoto na una nguvu zako, basi hiyo ndiyo sura uliyopewa. Ukitaka kuongeza nyama, ongeza karanga kwenye uji, parachichi, maziwa mgando, mayai, kula mara ya nne, na fanya mazoezi ya misuli. Chipsi na soda zitakupa kitambi juu ya miguu myembamba, na ndani utakuwa umepata madhara ya mnene bila kuonekana.

Usingizi sitaukalia sana, maana najua wengi wenu hamuukosi kwa kupenda. Mwaka 2004 watafiti waliwalaza vijana wa kiume saa nne tu kwa usiku mbili. Homoni ya njaa ikapanda, ya shibe ikashuka, na walichokitamani kilikuwa vitu vitamu na vya wanga. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Anayeamka saa kumi usiku kuwahi foleni na kurudi saa tatu hawezi kuzipata kwa kuambiwa tu "lala mapema". Ila simu inayokukeshesha hadi saa sita iko mikononi mwako. Na kama kuna mwanaume mzima humo ndani mwenye mikono miwili, chai ya asubuhi na sare za watoto si siri za kizazi cha kike, mshirikishe. Nusu saa ya usingizi mnayoweza kuipata kwa mgawanyo huo inazidi chai yoyote ya kukata tumbo.

Sitaki mtu aondoke hapa akitangaza kwamba dada amesema unene hauna neno. Una neno. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, yanachochea kisukari na presha, na magoti yana kikomo cha kubeba. Ninachokataa ni kuiachia mizani itoe hukumu peke yake. Ile hesabu ya kilo kugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe ilitungwa miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa nyota na takwimu, akichunguza makundi ya watu. Inasaidia kama dokezo. Mwenye kilo 80 na urefu wa sentimita 160 anapata 31, anahesabiwa kuwa na kiribatumbo. Lakini namba hiyo haijui kama kilo zake ziko makalioni au tumboni, wala kama anatembea au amekaa.

Kipimo ninachowapa ni cha uzi. Simama bila viatu, mtu akupime kwa uzi kutoka utosini hadi kisiginoni, kata hapo. Ukunje katikati. Zungusha huo uliokunjwa kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, ukiwa umetoa pumzi kawaida, bila kuvuta tumbo ndani maana hakuna anayekutazama. Ncha zikikutana, uko pazuri. Zisipokutana, tumbo limebeba zaidi ya inavyofaa, na hapo ndipo pa kuanzia. Uhifadhi uzi huo, rudia kila mwezi. Mara nyingi utaona ncha zinasogeleana wakati mizani imekaa kimya. Wajawazito na waliojifungua karibuni, huu uzi hauwahusu. Nyie kuleni, nyonyesheni, mwili una kazi nyingine kwa sasa.

Halafu nenda kituo cha afya upime presha na sukari, hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu presha haina adabu ya kubisha hodi. Mwambie mhudumu dawa zote unazotumia, ikiwemo sindano ya uzazi ya miezi mitatu, maana baadhi ya wanawake huongezeka nayo na zipo njia nyingine za kuchagua. Usiiache kabla hamjaongea. Kama hedhi imevurugika, ndevu zimeanza kuota kidevuni, au unaongezeka na kuchoka na kuhisi baridi kila saa, yataje yote hayo, usione haya, kwani yanaweza kuwa ya homoni na hayatibiwi kwa kukimbia. Na usiondoke bila namba zako kuandikwa. Wakikuambia "presha nzuri tu", omba waandike ni ngapi juu ya ngapi, uweke kwenye daftari pamoja na tarehe, ili mwakani ujue ulitoka wapi.